Tuliwaambia mfute vyote, na tulikosea



Habari hii inaanza na dola 20.

Mama mmoja wa kikundi chetu cha akiba alikuja kwenye mkutano akiwa na uso wa mtu aliyefiwa. Dada yake aliyeko Goma alikuwa amempigia kumwuliza kama mtoto amepata nafuu. Mtoto gani? Nafuu gani? Hapo ndipo alipojua kwamba siku mbili kabla, ujumbe ulikuwa umetoka kwenye Facebook yake, kwa jina lake na kwa picha yake akiwa amevaa kikwembe cha tarehe 8 Machi: «Dada yangu, mtoto yuko hospitali, nitumie dola 20 kwa namba hii, simu yangu haina moto.» Dada, kama dada yeyote, alituma. Namba ile haikuwa ya mama huyu, na pesa hazikurudi.

Alituapia kwamba neno lake la siri halijui mtu, hata baba watoto. Tulimwamini, na alikuwa anasema kweli. Hakuna aliyeiba neno la siri. Wiki mbili kabla, simu yake ilikuwa imezimika, akaazima simu ya kijana pale tunapochajisha, akafungua Facebook ndani ya Google, akaangalia picha za harusi ya binamu yake, kisha akarudisha simu na kusema aksanti. Alifunga ukurasa, lakini hakutoka. Mlango ulibaki wazi, na simu ile ilipita katika mikono mingi baada yake. Kijana mwenye simu hatumshitaki. Simu yake anaiazimisha kwa kila anayeomba, na wengi wetu tumefaidika na moyo wake huo.

Tulikasirika, na mtu mwenye hasira hutoa shauri haraka. Katika mkutano uliofuata tuliwaambia mama wote: fungueni simu zenu, futeni vyote, kila wiki. Wengi walirudi nyumbani wakawapa simu watoto wa sekondari, watoto wakabonyeza kila kisanduku walichokiona, kazi ikaisha.

Wiki moja baadaye mama mwingine, mjane, alikuja kwetu. Facebook haimtambui tena. Yeye huifungulia ndani ya Google, maana simu yake ndogo haina nafasi ya kuweka programu ya Facebook yenyewe. Sasa inamwomba neno la siri ambalo mpwa wake alimtengenezea miaka mingi iliyopita na ambalo halikuandikwa popote. Inataka kutuma kodi kwenye namba ya simu aliyoipoteza alipokimbia. Na ndani ya akaunti ile kulikuwa picha za marehemu mume wake. Picha za karatasi ziliungua pamoja na nyumba.

Kosa hilo ni letu, si lake wala la mtoto wake. Tulitoa dawa bila kujua ugonjwa. Kwa hiyo juma hili tunaandika kwa urefu kidogo kuliko kawaida, tueleze simu inatunza nini, kipi cha kufuta, kipi cha kuacha, na wakati gani. Tumeuliza wanaojua, na tumejaribu sisi wenyewe kwenye simu zetu kabla ya kuandika.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Kile ambacho wengi wetu tunakiita «Google», ile alama ya duara yenye rangi nyekundu, manjano, kijani na buluu katikati, jina lake ni Chrome, na kazi yake ni kufungua kurasa za intaneti. Kifaa cha namna hiyo kinaitwa kivinjari. Kwenye simu za Tecno na Itel mtakuta pia kingine kinaitwa Phoenix, na wengine wanatumia Opera Mini. Vyote vinafanya kazi moja, na vyote vinatunza vitu vya aina tatu ambavyo sisi tulivichanganya katika kikapu kimoja tuliposema «futeni vyote».

Cha kwanza ni historia, yaani orodha ya kurasa ulizofungua. Ni kama nyayo kwenye matope baada ya mvua: anayepita nyuma yako anaona ulikotoka na ulikoingia. Kwenye simu zetu za Kifaransa imeandikwa «Historique».

Cha pili ndicho kilichotuponza: kuki. Fikiria unapofika kituo cha afya. Asubuhi unaeleza jina lako, kijiji chako, tatizo lako, kisha unapewa jeton yenye namba. Ukitoka nje kunyonyesha na kurudi, huelezi tena; unaonyesha jeton, wanakujua. Kuki ni jeton hiyo. Unapoingia Facebook kwa jina na neno la siri, Facebook inaiachia simu jeton. Kesho ukifungua, simu inaonyesha jeton, unaingia bila kuulizwa. Lakini jeton haina macho. Anayeishika ndiye anayeonekana kuwa wewe. Ndiyo maana mtu aliweza kuomba dola 20 kwa jina la mwenzetu bila kujua neno la siri hata herufi moja.

Watoto walituuliza kwa nini inaitwa jina la biskuti, maana ndivyo cookie inavyomaanisha kwa Kiingereza. Jina lilitoka kwa watu wa kompyuta ambao tayari walikuwa wakiita «magic cookie» kipande kidogo cha habari ambacho programu moja inaipa nyingine na kukirudishiwa. Aliyekileta kwenye intaneti ni kijana Mmarekani, Lou Montulli, mwaka 1994, alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya Netscape. Shida yake ilikuwa hii: kurasa za intaneti hazina kumbukumbu. Kila unapobonyeza, kwa ukurasa wewe ni mgeni mpya. Basi ungewezaje kuweka vitu viwili katika kikapu kwenye duka la intaneti, ikiwa duka linakusahau kila unapogeuza shingo? Jeton ile ilimaliza shida hiyo, na bila yake hakuna Facebook wala barua-pepe ambayo ingekukumbuka kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Kwa hiyo kuki si mdudu wala virusi, kama kijana mmoja alivyokuwa akiwaambia mama ili awalipishe pesa za «kusafisha». Ni kitu cha maana kinachohitaji kulindwa kama funguo.

Zipo pia kuki za matangazo, na hizo hatuzipendi. Ukifungua gazeti moja, kuki inaweza kuwekwa si na gazeti bali na kampuni ya matangazo, na kampuni hiyo hiyo inakukuta tena kwenye gazeti la pili na la tatu. Hivyo inajua ulisoma juu ya mtoto asiyenyonya, na kesho inakuonyesha maziwa ya kopo kila unapogeuka. Mama anayenyonyesha hahitaji kusumbuliwa namna hiyo. Ulaya walitunga sheria juu ya jambo hili, ndiyo sababu ukifungua tovuti za Kifaransa unaona kisanduku kikubwa kinachouliza kama unakubali. Wengi wetu tunabonyeza «Tout accepter» ili kitoke njiani. Angalia vizuri: mara nyingi pembeni, kwa maandishi madogo, kuna «Tout refuser» au «Continuer sans accepter». Bonyeza hiyo. Ukurasa utafunguka vilevile. Mwezi wa Januari 2022 mamlaka ya Ufaransa inayolinda habari za watu, CNIL, ilitangaza faini ya euro milioni 150 kwa Google na milioni 60 kwa Facebook, kwa sababu kukubali kulikuwa kubonyeza mara moja na kukataa kulikuwa safari. Kwetu Kongo pia ipo sheria: Code du numérique ya tarehe 13 Machi 2023 ina sehemu nzima juu ya habari za mtu binafsi. Kuiona ikifika mpaka Masisi ni hadithi nyingine.

Kitu cha tatu ni kashe. Hiyo ni akiba ya picha na vipande vya kurasa ambavyo simu imekwisha kuvileta, ili isivilete tena. Ni bidon ya maji iliyo nyumbani. Umepanda mlima mara moja kuchota. Ukisikia kiu usiku hushuki tena mtoni, unachota kwenye bidon.

Na hapa tunataka mama wote wasikilize, kwa maana inagusa mfuko. Wapo wanaosema kufuta kashe kunapunguza matumizi ya mega. Ni kinyume. Ukimwaga bidon, lazima urudi mtoni. Ukurasa wa gazeti wenye picha unaweza kula zaidi ya mega 2. Sehemu ya hizo tayari iko kwenye kashe, na ukiifuta utainunua tena. Aliyefuta kashe kila wiki kwa shauri letu alilipa maji yale yale kila wiki. Tunaomba radhi kwa hilo pia.

Basi kashe inafutwa lini? Ukurasa ukikataa kufunguka vizuri, ukionyesha mambo ya zamani wakati rezo ipo, au picha zikija nusu: futa kashe, fungua tena. Maji yaliyokaa muda mrefu kwenye bidon huharibika, na hapo ndipo unapoyamwaga. Au simu ikijaa kabisa na unahitaji nafasi leo hii. Lakini tumeangalia simu saba kwenye mkutano, na katika simu zote saba kilichokuwa kimejaza si kashe ya Chrome. Ni video za WhatsApp: mahubiri, vichekesho, harusi, na ile video moja ya ng'ombe ambayo kila mtu alikuwa ameipokea mara nne. Anza na hizo.

Sasa namna ya kufanya. Tunaandika maneno ya Kifaransa kama yalivyo kwenye simu, maana ndivyo mtakavyoyaona.

Ndani ya Chrome, juu kulia, kuna nukta tatu zilizosimama. Bonyeza hapo. Utaona «Supprimer les données de navigation»; katika simu za zamani kidogo ni «Effacer les données de navigation», na pengine lazima uingie kwanza «Historique» ndipo uione. Ukifika, simu inakuuliza mambo mawili: muda gani, na vitu gani. Muda unaanza na dakika 15 au saa moja iliyopita na kuendelea mpaka tangu mwanzo. Vitu ni visanduku: «Historique de navigation», yaani nyayo, «Cookies et données de sites», yaani jeton, «Images et fichiers en cache», yaani bidon. Alama ikiwa ndani ya kisanduku, kitafutwa. Ukibonyeza kisanduku, alama inatoka na kitu kinabaki. Ukishuka chini zaidi, katika simu nyingine unaweza kukuta pia «Mots de passe», maneno ya siri ambayo simu imekutunzia. Mkuu wa shule hawezi kukulazimisha kugusa hicho. Kiache.

Kwa simu yako mwenyewe, basi, jambo ni rahisi: ukurasa ukisumbua, weka alama kwenye kashe peke yake, toa kwenye kuki, futa. Hutatolewa mahali popote.

Ukitaka kufuta kuki kwenye simu yako, labda kwa sababu uliikuta matangazo yanakufuata au uliiazimisha kwa mtu usiyemwamini, usiguse kitu mpaka uwe na majibu ya maswali haya. Neno lako la siri la Facebook ni lipi? Usiseme «nalijua»; liandike kwenye karatasi, ulisome kwa sauti, ujaribu kuingia nalo kwenye simu ya binti yako. Barua-pepe yako nayo? Na namba iliyowekwa kwenye akaunti, bado unaishika mkononi? Sisi huku tumekimbia mara nyingi, na katika kukimbia kadi za simu hupotea. Namba isiyotumika muda mrefu kampuni huifunga na inaweza kumpa mtu mwingine, na siku hiyo kodi ya kukuokoa itakwenda kwa mgeni. Facebook inaruhusu kuongeza namba nyingine au barua-pepe, lakini lazima uwe bado ndani. Mjane wetu angekuwa ameongeza namba ya binti yake wakati jeton ingali ipo, angekuwa na picha zake leo. Hilo halikuwa katika shauri letu, na lilipaswa kuwa neno la kwanza.

Daftari ambamo tunaandika michango linafaa kwa neno la siri? Hapana, daftari hilo linasomwa na watu wengi. Mama mmoja anaandika lake ndani ya Biblia, kwenye kitabu anachokijua yeye. Mwingine amemwachia dada yake wa Goma nusu moja na yeye ana nusu nyingine. Kila mtu na njia yake, ilimradi liwe nje ya simu.

Simu ya kuazima ni jambo tofauti kabisa, na huko ndiko kuki zinapaswa kuondoka kila mara. Njia nzuri kuliko zote ni kutoziacha tangu mwanzo. Ndani ya zile nukta tatu kuna «Nouvel onglet de navigation privée». Ukibonyeza, ukurasa unakuwa mweusi na unaona alama ya kofia na miwani, kama mtu anayejificha. Kila unachofungua humo, nyayo na jeton, hutoweka unapofunga kurasa zote za namna hiyo. Si kurudisha simu tu. Kuzifunga, moja baada ya moja mpaka ile kofia iondoke juu. Tumeona mama wakifungua kwa kofia kisha wakaacha ukurasa wazi, na hapo kofia haisaidii kitu.

Ikiwa umesahau kofia na umeingia kwa njia ya kawaida, kwanza ingia kwenye menyu ya Facebook yenyewe utafute «Se déconnecter», yaani kutoka. Simu ikikuuliza kama itunze neno lako la siri, kataa. Baada ya hapo mwombe mwenye simu ruhusa ya kufuta saa ya mwisho. Mwombe, mama, usifanye kwa siri: ukifuta kuki za simu yake unaweza kumtoa na yeye kwenye mambo yake, na tumekwisha kuona jambo hilo linavyouma.

Na kama umekwisha kurudisha simu na moyo unakudunda usiku? Mlango unaweza kuufunga ukiwa mbali. Kwenye simu yako ingia Facebook, kwenye mipangilio, sehemu ya «Mot de passe et sécurité». Kuna orodha ya simu zote ambamo akaunti yako iko wazi. Chagua usiyoitambua na uitoe, kisha ubadili neno la siri. Mama wa dola 20 alifanya hivyo mbele yetu. Katika orodha yake kulikuwa simu nne. Yeye ana moja.

WhatsApp haiko ndani ya Chrome. Kufuta Chrome hakugusi WhatsApp hata kidogo, na wengi walidhani mazungumzo yao yamefutika. Ikiwa uliwahi kufungua WhatsApp yako kwenye kompyuta ya ofisi au ya mahali pa kuchapisha karatasi, angalia kwenye simu yako «Appareils connectés» na utoe kompyuta hiyo. Na kuna mtego mwingine: ukiingia kwenye mipangilio ya simu, «Applications», kisha WhatsApp, kisha «Stockage», utaona maneno mawili karibu karibu. «Vider le cache» ni bidon, haidhuru. Lile lingine, «Effacer les données» au «Vider l'espace de stockage», linaondoa yote na kuirudisha programu kama siku ilipowekwa. Mama mmoja alipoteza hivyo mazungumzo yote ya kikundi, pamoja na hesabu za maharagi tulizokuwa tumeandikiana humo. Vidole vyetu ni vinene na simu ni ndogo; soma mara mbili.

Tunafika kwenye jambo gumu zaidi, na tutalisema bila kuzunguka, kwa sababu hapa kwetu kila mama analijua.

Kuna mambo mwanamke anayatafuta kwenye simu ambayo hataki mtu ayaone. Msichana amebakwa njiani akitoka shambani. Anaazima simu ya kaka yake aulize kuna dawa gani. Mama anapigwa nyumbani. Anatafuta mahali pa kwenda. Mwingine anatafuta habari za kupanga uzazi wakati mume hataki kusikia. Historia ya simu ikibaki, kaka anasoma, mume anasoma. Kwa mambo hayo tumia kofia na miwani tangu mwanzo.

Kama ulitafuta bila kofia, usikimbilie kufuta yote. Mtu anayekagua simu yako kila jioni akikuta historia tupu atauliza kwa nini ni tupu. Ingia «Historique», tafuta mistari ile tu inayokuhatarisha, na kila mmoja una alama ndogo ya kuufuta peke yake. Mistari ya mahubiri na bei ya sabuni iache. Jua pia kwamba ikiwa Chrome ya simu hiyo imeunganishwa na akaunti ya Google ya mwenye simu, ulichotafuta kinaweza kuandikwa kwenye akaunti yake pia, mbali na simu. Na hakuna kufuta kunakoondoa kilichopita kwenye kampuni ya simu, wala picha uliyoipakua, wala picha ya ukurasa uliyoipiga. Hizo ziko kwenye picha zako, zifute huko.

Lakini kwa msichana yule tunasema: acha simu. Dawa ya kuzuia UKIMWI baada ya kubakwa lazima ianzwe ndani ya saa 72, na mapema ni bora zaidi. Dawa ya kuzuia mimba ya dharura ina siku 5. Saa hizo haziongezeki kwa kuogopa nani ataona kwenye simu. Nenda kituo cha afya, na kama hujui useme nini mlangoni, njoo kwa mama yeyote wa kamati tuende pamoja. Hatutakuuliza mbele ya watu. HEAL Africa ya Goma na Panzi ya Bukavu ni hospitali zinazojulikana kwa kuhudumia waliopatwa na jambo hilo, lakini dawa za saa 72 usizingojee Goma, ulizia kwanza karibu.

Mama mmoja alituuliza kama haya yote si mambo ya watu wa mjini. Tulimwonyesha simu yake. Ndani ya simu kuna chuma kinachoitwa tantale, na kinatoka kwenye koltani kama ile inayochimbwa Rubaya, hapa hapa Masisi. Simu ilitoka kwetu kabla ya kurudi kwetu.

Kuhusu mjane wetu. Akaunti bado imefungwa; binti yake anaendelea kujaribu. Tulitangaza kwenye kikundi cha WhatsApp kwamba mwenye picha yoyote ya marehemu aitume. Kutoka Goma zimekuja mbili, moja ya ubatizo na moja amesimama kando ya chukudu akicheka. Kutoka Nakivale, Uganda, shemeji yake ametuma ya tatu, ya siku ya harusi, imepigwa kutoka kwenye picha ya karatasi iliyokunjwa mara nne na kuvukishwa mpaka. Kama una nyingine, mpelekee mama mweka hazina.

Alhamisi ijayo baada ya hesabu tutabaki saa moja kufanya haya pamoja, simu mkononi. Njooni na simu zilizochajishwa. Na neno la siri liwe limeandikwa kabla ya kufika, kwa maana safari hii hatutagusa simu ya mtu ambaye hajatuonyesha karatasi yake, ikiwa imekunjwa, bila sisi kuisoma.